Kupanda na Kushuka ku Kasiye

Tarehe 2 mwezi wa pili, siku ya kwanza (jumatatu)

Leo njo mwanzo! Nimefungua step, mazoezi ya mwili, hapa Masisi, mu parsele yetu, mbele ya nyumba. Ile ya zamani, ya kweli: unapanda juu ya kitu, unashuka, unapanda tena, muziki inapiga. Hapana hii kuyumbisha kiuno ya siku hizi. Mu telefone ya Thierry, bwana yangu, wanasema inarudi, na inasaidia moyo, magoti, hata usingizi. Papa Albert wa bar alinikopesha kasiye tupu, zile sanduku za plastiki za chupa za bia. Nikazipindua, nikamufunga Archange ku mugongo, nikaita bamama.

Wakakuja. Wakaangalia tu. Jirani yangu Wivine, mwenye kuuza mikate ya mafuta ku barabara, akauliza kwa nguvu: tangu asubuhi tunapanda mulima na maharagi, tunashuka na maji, sasa wee dada unatuletea kamulima ka plastiki? Wote wakacheka. Hata Archange. Mutoto wangu mwenyewe! Nimemusamehe, hana meno.

Tarehe 3, siku ya pili

Nimepata akili. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikatangaza kama step inakondesha.

Kosa! Nani hapa anataka kukonda? Mama wa mutoto mudogo sharti anone, watu waone bwana yake anamulisha. Wivine akanitazama toka kichwa mpaka miguu. Akasema kumbe ni kasiye njo zimekukausha, sisi tulifikiri ni Thierry.

Mangaribi Thierry akarudi na moto yake, ile pikipiki ya kubeba watu, amenuna. Wenzake wa moto walimuuliza kama ng'ombe za Masisi zimekufa zote, bibi yake anakosa hata maziwa.

Siachi.

Tarehe 4, siku ya tatu

Maneno imefika Kalembe. Mama-mkwe, Mama Elisabeth, alipiga simu. Siku ya posho, jumamosi, anakuja kuniangalia. Kama nimekonda, ananibeba na mutoto, tunakaa kwake Kalembe mpaka mashavu irudi. Thierry alijibu ndiyo mama, ndiyo mama. Mwanaume muzima!

Kisha akamubeba Archange alale. Archange halalaki bila kushika sikio ya baba yake. Kule Kalembe atashika sikio ya nani?

Kuacha step? Hapana. Kwenda Kalembe? Hapana pia!

Tarehe 5, siku ya ine

Nilikula bugali, sombe ya majani ya muhogo, fromage, ile jibini ya Masisi, tena bugali. Kisha nikapanda kasiye. Tumbo ikakataa. Sitaandika yote.

Lakini Adelaïde, mama wa nyuma ya kanisa, anakuja kila asubuhi mapema, Wivine akiwa bado ku kitanda. Leo alisema goti yake imeanza kulegea, alipanda mulima kwenda kwake bila kumuita Yesu. Unaona? Mimi siko mujinga.

Tarehe 7, siku ya posho

Asubuhi nilijifunga vitenge ndani ya robe, gauni yangu kubwa, moja juu ya ingine. Kiuno ya bibi ya chefu wa kijiji! Mama Elisabeth alifika, akanizunguka, akapiga vigelegele. Akamubariki Thierry. Nimeshinda!

Ilibaki kukaa tu. Lakini bar ya Papa Albert ikafungulia muziki, na Wivine akapaza sauti ku barabara kama leo mwalimu amenona, hawezi tena kupanda kasiye yake.

Mimi? Nishindwe?

Nikapanda. Kitenge ya kwanza ikaanguka. Nikaendelea, ni ya kwanza tu. Ya pili. Watu wakakimbia kuangalia. Nilipomaliza nilikuwa mwembamba kama muti ya kutwangia. Mama Elisabeth hakunipigia kelele. Aliokota vitenge, akazikunja moja moja, akazitia mu sakoshi. Njo vile mizigo yangu ilifungwa.

Thierry mwenyewe alituendesha ku moto. Archange alimushika sikio njia yote. Kufika, tukaitoa ile mikono midogo kwa nguvu. Thierry alisema ni vumbi njo imemuingia mu macho. Mvua ilikuwa inanyesha.

Tarehe 10, siku ya pili, Kalembe

Archange alijaribu sikio ya tate yake, Mama Elisabeth. Akaikataa, akalia.

Thierry alipiga simu: siku ya yenga, jumapili, anakuja, na kama mashavu imerudi, mama yake ataturuhusu turudi Masisi. Akaniomba, tafazali, mama Archange, kaa tu na ukule.

Kukaa tu! Mashavu itarudi lini kwa kukaa tu? Nimefikiri vizuri kuliko yeye. Nimemuelezea Mama Elisabeth kama step ya zamani, mutu akiifanya asubuhi, mchana na mangaribi, inafungua njaa sana, na mwenye njaa ananona haraka. Amefurahi! Ametuma watu kutuletea jiwe pana ya kupandia, na yeye pia anaanza.

Siku ya yenga tutakuwa tumenona sote mbili. Sioni mahali inaweza kuharibika.