Siku Tatu za Mgeni wa Darini

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mkufu yuko kwangu! Chatu mchanga, dhiraa mbili kamili, rangi ya kahawa na manjano. Kanipa Oliver, karani mwenzangu pale Kilindini. Mkewe kamwambia achague, nyoka au yeye.

Oliver kaniandikia masharti kwenye karatasi. Akae chumba ambacho paka haingii. Kasha liwe na komeo. Alishwe panya aliyekwisha kufa. Na ninawe mikono kabla ya kumgusa mnyama mwingine, maana chatu akinusa harufu ya chakula hachagui.

Masharti ya watu waoga. Kasha langu la plastiki halina komeo, lakini pasi yangu ni nzito. Nimeiweka juu ya kifuniko. Yatosha!

Shabaha yangu ni njiwa wa Taib, mpangaji mwenzangu. Anafuga kumi na wawili juu ya paa, pale pale ninapoanika mashati. Shati linapanda jeupe, linashuka na madoa. Njiwa wakimwona Mkufu mara moja tu, watahama wenyewe.

Bi. Mwanarusi, mwenye nyumba, asijue kabisa. Alishatuambia: akionekana mnyama wa kutambaa humu, aliyemleta atalala barazani na virago vyake. Nami Kibokoni nzima sina pengine pa kwenda.

Jumanne, 4 Novemba

Msiba! Asubuhi nilichukua pasi ninyooshe shati. Dakika moja tu. Nikachelewa, nikaiacha mezani, nikakimbilia kazini. Niliporudi kifuniko kilikuwa kando na kasha tupu.

Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya viatu. Hakuna. Chini, Lulu, paka wa Bi. Mwanarusi, amewahamisha watoto wake watatu kutoka chini ya ngazi hadi jikoni. Kisha akaketi mlangoni akiitazama dari. Hapepesi macho. Na njiwa wamenyamaza. Wote kumi na wawili!

Jua likielekea kuzama, Bi. Mwanarusi akatuita mimi na Taib. Ameona mkia ukiingia baina ya boriti. Nikajua nimekwisha. Lakini hakupiga kelele. Alijitanda mtandio, akafukiza ubani, akaisemesha dari kwa adabu: "Ukiwa jini, sina ugomvi nawe. Una siku tatu, ya leo ikiwemo, uondoke na chako. Zikisha, hapana lawama."

Akatueleza kwamba ndivyo alivyofanya mamake na bibi yake. Nyoka wa nyumbani hapigwi kabla ya kuonywa siku tatu. Taib akauliza, na baada ya hapo je? Bi. Mwanarusi akajibu kwamba baada ya hapo ni mchi. Taib akaenda kuuchukua.

Hapo ndipo pa kukiri. Nikasema astaghfirullah, jini huyo!

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata akili! Nilimwendea Bi. Mwanarusi nikamwambia nimeota jini analalamika. Hawezi kuondoka, nikasema, mpaka njiwa waondoke kwanza, kelele zao zinamuudhi.

Akasema ni ajabu, kwa sababu yeye amezungumza na mgeni alfajiri, na mgeni hakutaja njiwa. Alitaja pasi.

Sijamwambia mtu habari za pasi. Hata Oliver! Nikacheka, lakini kicheko kilitoka kidogo.

Alasiri nikakuta gamba juu ya mto wangu wa kulalia, limevuliwa na kunyooshwa vizuri. Najua gamba huvutika likivuliwa. Lakini hili ni dhiraa tano. Nimelipima mara tatu kwa mkono wangu. Labda mkono umefupika.

Alhamisi, 6 Novemba

Kazini nimesema naumwa. Stima imepotea tangu jana, nyumba nzima kiza hata mchana.

Nimezunguka vyumba na panya mfu kwenye uzi, nikimwita Mkufu kwa sauti ya chini. Mtoto mmoja wa Lulu akanifuata mpaka ngazini, nikambeba. Ndipo nikakumbuka vidole vyangu vinanuka panya. Na sasa paka naye ananuka panya.

Juu yangu boriti ikalia. Kitu kikasogea polepole kuja upande wetu, kikidondosha vumbi la chokaa. Kilikuwa kizito. Mkufu hana uzito ule. Nikamkumbatia paka nikateremka mbio. Nakiri nililia.

Magharibi ilipokaribia, Taib alisimama chini ya ngazi na mchi begani, anatazama saa. Nikamhurumia sana Mkufu. Hakuomba kuletwa humu; mimi ndiye niliyemleta, na sasa atapondwa kwa ajili ya mashati yangu. Nikaenda hadi mlango wa Bi. Mwanarusi niseme yote. Nikainua mkono nibishe. Nikakumbuka baraza. Adhana ikaanza, nikapanda chumbani.

Kasha lilikuwa limefungwa. Ndani, Mkufu amejikunja, amelala salama. Juu ya kifuniko, pasi. Niliigusa, ikaniunguza kidole. Na stima haijarudi!

Taib anaapa hakuondoka ngazini. Bi. Mwanarusi ana magoti mabovu, hajapanda juu miaka mingi. Alisema tu mchi urudishwe jikoni, mgeni amesikia.

Ijumaa, 7 Novemba

Stima imerudi. Lulu na watoto wake wamerudi chini ya ngazi, wote watatu. Njiwa wameanza tena kelele, na shati moja limeshaharibika. Vinginevyo, mpango wangu si mbaya.

Asubuhi Bi. Mwanarusi aliniita kwa chai na kaimati. Amejitanda mtandio, ubani unafuka. Kwa upole mno akanifikishia ujumbe. Mgeni anasema kilicho changu amenirudishia. Yeye alikuwa katika dari ile kabla babu yake Bi. Mwanarusi hajainunua nyumba, na hajamsumbua mtu. Sasa ananiomba lile lile aliloombwa yeye. Nina siku tatu, ya leo ikiwemo, niondoke na changu. Zikisha, hapana lawama. Kisha akaniuliza kama nitaongeza kaimati.

Njama za Taib hizi, anakitaka chumba changu! Siondoki. Siku tatu ni nyingi. Kabla ya Jumapili Oliver atanitafutia chatu wa pili, mkubwa, amtoe huyo wa darini.

Mkufu tangu asubuhi anatazama juu, hapepesi. Sala ya Ijumaa imekaribia na kanzu yangu imekunjamana. Naichukua pasi. Dakika moja tu.