Mchunga Milima si Karatasi ya Kufungia Sabuni

Kwako Mkuu wa Maktaba,

Salamu nakupa, lakini usizizoee, maana nimekuja kugomba. Mimi ni bibi wa saluni iliyo nyuma ya maktaba yako. Saluni ni ya binti yangu, kelele ni zangu. Shule niliiachia njiani, kwa hiyo nasoma kidole kikiwa chini ya mstari, na kidole changu hakina haraka.

Nimeona tangazo mlangoni kwako: vitabu visivyopendwa vitauzwa mwisho wa mwezi kwa wauza sabuni, wapate karatasi za kufungia. Na Mchunga Milima yumo! Nilikaa palepale kwenye ngazi. Kitabu cha bibi kizee anayechunga milima kwa gongo, akiifokea isikanyage mashamba ya watu, mpaka kamlima kamoja kakorofi kanamtoroka, hicho ndicho cha kufungia sabuni? Una akili timamu, mwanangu?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmekiweka rafu ya chini kabisa, karibu na magonjwa ya kuku. Anayekitaka apige magoti. Mimi nilipiga, kunyanyuka ikabidi waje mfagizi na mlinzi, mmoja kila kwapa.

2. Picha ya jalada ni uongo mtupu. Wamechora msichana mwenye kiuno cha nyigu na upanga. Vijana wanakivamia kwa ajili ya kiuno, wanafungua, wanakutana na bibi mwenye mapengo, wanakirudisha wamenuna.

3. Karani wako kaniambia, "Bibi, aliyewahi kukiazima ni wewe tu, na hizo ni hadithi za watoto." Kwani mimi si mtu? Mkwe wangu, muuza matairi, naye kadakia, "Mama, mlima hautembei." Nikamwambia, wewe kila mwaka unaamini timu yako itachukua kombe, leo mlima ndio unakushinda?

Kwa hiyo naomba, tena kwa adabu, kitabu kiwekwe meza ya mbele. Anayetaka kingine chochote asome kwanza sura moja ya hiki. Hilo likikubaliwa, waandikie wakubwa: leseni ya udereva asipewe mtu asiyejua kuupisha mlima. Ndoa isifungwe mpaka bwana harusi aeleze kwa nini mlima mkubwa ulilia. Na kile kilima cha nyuma ya hospitali kikaulizwe jina. Miaka yote kimesimama pale, hakuna hata mmoja wenu aliyekiamkia!

Usiniambie wasomaji hawapo. Nawatengeneza mwenyewe. Nimekiazima tena, nawasomea wanaosukwa, maana aliyeshikwa nywele hakimbii. Juzi nilimzuia binti yangu asimalize kichwa cha mwalimu mmoja mpaka sura iishe. Kengele ya shule ikalia, mwalimu akaondoka nusu amesukwa, nusu nywele zimesimama kama ameona jini. Jioni karudi mbio. Nikadhani kaja kumaliza kichwa. Wapi! "Bibi, kamlima kamepatikana?"

Sasa kiuze hicho kitabu uone.

Nisalimie mkeo, watoto, mfagizi na mlinzi. Karani pia msalimie, ingawa hastahili.

Ni mimi niliyekukasirikia kwa heshima zote,
Bibi wa Saluni

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nailamba, wakaingia mwalimu na wateja wenzake wa saluni. Wanatoka kwako, wameandikisha majina, kila mmoja anataka awe wa kwanza, na wote wananikodolea mimi macho nirudishe kitabu! Nimewaambia ni kibaya, kina makosa, kinaumiza macho. Hawasikii. Tafadhali futa majina yao. Mimi nimefika pale kamlima kamejificha baharini na bibi wa watu ameingia majini kukafuata, maji yamemfika kifuani. Vitabu vimejaa humo ndani, wachague vingine. Mimi sikitoi mpaka bibi atoke majini.