Nimekufa Muleba, Pazia Limebaki Bakoba

Jamani, kabla hamjasikia kwa watu wengine, acheni niwaambie mwenyewe: leo nimeaibika. Mchana kweupe. Muleba. Mbele ya mama mkwe.

Wengi mnanijua. Mwalimu wa Kiswahili, mkazi wa Nyanga, na kila Jumamosi naongoza kikundi chetu cha maigizo. Mazoezi tunafanyia ukumbini kata ya Bakoba, mjini, kwenye jukwaa zuri la pazia. Watazamaji wote wanakaa upande mmoja, sisi tumeinuka mbele yao, na kitambaa chekundu kinavutwa kwa kamba. Pazia likishafungwa, hakuna anayeona mnachofanya. Unahamisha meza, unapiga chafya, unakula karanga. (Nakula karanga. Nakiri.)

Leo tulialikwa Muleba kwenye sherehe ya wakulima wa kahawa. Mchezo niliutunga mimi: mzee anakufa kabla ya kugawa kibanja chake, wanawe wanaanza kugombea migomba. Sasa yule bwana anayeigiza mzee kaamka na malaria. Nikasema hakuna shida, mzee nitakuwa mimi. Nikajibandika ndevu za katani, nikashika bakora, nikavaa suti ya mume wangu. Suti ya harusi, ile aliyoshonewa na mama yake. (Hakuniruhusu. Alikuwa amelala.)

Na huyo mama yake ni mwenyeji wa Muleba. Watu wanamwita Ma Adventina. Mama wa Misa ya kwanza, haongei sana, lakini akikutazama unajikagua vifungo. Miaka sita ya ndoa hajawahi kunitamkia neno baya kuhusu maigizo. Huwa anauliza tu, "Bado mnacheza cheza?" Basi leo nilimwalika. Nilimwekea kiti cha mbele kabisa. Nilitaka aone kwa macho yake, aache kuuliza.

Tunafika, ukumbi tulioahidiwa umejaa magunia ya maharage mpaka usawa wa madirisha! Mwenyekiti wa sherehe akanyoosha mkono kuelekea kwenye nyasi.

"Mtachezea hapa, waitu. Watu watawazunguka."

Wenzangu wakanitazama kwa wasiwasi. Mimi nikafurahi! Mambo haya si ndiyo nafundisha? Nikawakusanya, kidole juu.

"Hili ni jukwaa la duara. Watazamaji wako pande zote. Usimpe mtu mgongo muda mrefu, zunguka. Usipayuke kama kule Bakoba, hawa wako karibu, hata ukinong'ona wanasikia. Na vitu virefu tusiweke, vitawaziba."

Koku, nesi anayeigiza mke wa mzee, akauliza kwa upole, "Mwalimu, na pazia?"

"Koku! Kwenye duara pazia utalifunga wapi? Mawinguni?"

Wote wakacheka. Nikajiona msomi kwelikweli.

Mchezo ukaanza, na niwaambie ukweli, ulinoga. Bakoba maneno yangu ya mwisho huwa nayapigia kelele ili yafike viti vya nyuma. Leo nilinong'ona. "Wanangu... kibanja..." Babu mmoja, hatua mbili tu kutoka nilipo, akanijibu: "Gawa sasa hivi, mzee, usingoje!" Mama mmoja akaanza kuvuta kamasi. Kwa pembe ya jicho nikamwona mama mkwe ameinama mbele kwenye kiti chake, mkono shavuni. Nimempata! Nikaanguka katikati ya duara, nikafa. Nimekufa vizuri, jamani. Sijawahi kufa vile.

Koku akalia. Watoto wangu wa kwenye mchezo wakalia. Nikasubiri pazia lifungwe.

(Rudieni hapo, msome tena.)

Jasho likanitoka papo hapo. Kwenye mchezo wangu, mzee akifa pazia linafungwa, mimi nanyanyuka naenda kunywa maji, na onyesho la pili ni harusi ya mwanangu mkubwa. Kila kitu nilikirekebisha kwa ajili ya duara, isipokuwa maiti.

Kilio kikaisha, mimi bado niko chini. Erasto, fundi pikipiki ambaye ndiye msimulizi wetu, akaona mambo yanaharibika. Ana moyo mzuri sana Erasto. Akaingia kati, akanitazama pale chini, akatangaza kwa sauti kubwa:

"Miaka mitatu baadaye!"

Ngoma zikalia. Bibi harusi akaingia akicheza.

Nyuma yangu mtu akauliza, "Miaka mitatu hawajamzika?"

"Si wanagombea kibanja," mwingine akamjibu. "Nani atachimba kaburi?"

Wachezaji wakawa wananiruka. Bwana harusi akanikanyaga kidole. Sikutikisika. (Kazi ni kazi.) Lakini minong'ono ikazidi, nikaamua niondoke taratibu bila mtu kugundua. Nikajiviringisha nusu, nikatulia.

"Amesogea!" mwanamke mmoja akapiga ukelele.

Nikangoja. Nikajiviringisha tena.

"Huyooo, anaenda!"

Ubaya wa duara ni kwamba halina nyuma. Popote unapokimbilia kuna watu wamekaa wanakutazama. Nikaviringika hivyo hivyo, macho nimefumba, mpaka pua ikagonga kiatu. Nikafumbua jicho moja. Kiatu cheusi, kimepigwa rangi kinang'aa. Cha Misa.

Mama mkwe akasimama. Ngoma zikanyamaza zenyewe.

"Nyie watu," akasema polepole, "mna dini kweli? Mnacheza harusi marehemu yuko chini?"

Akavua kitenge chake begani, akainama anifunike. Kisha mikono yake ikasimama. Nikasikia vidole kwenye kola.

"Hii suti si ya Justus?"

Akapapasa mshono wa bega.

"Ni ya Justus. Nilimpeleka kwa fundi mimi mwenyewe." Akageuza mkono wa koti. "Yesu na Maria! Na tope!"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Maiti hajibu. Hilo hata asiyesoma sanaa analijua. Lakini nyie, miaka sita ya kumwogopa mtu si mchezo. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Samahani, Mama. Nitaifua."

Mungu wangu! Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa karatasi ya ratiba. Hata Koku, mjane wangu, alikaa chini akishika mbavu. Na ndevu zangu zilikuwa zimehamia sikioni.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Akanifunika uso.

"Marehemu haongei," akasema. Akaita wanaume wanne kwa majina, wakainuka bila ubishi, wakaniinua. Halafu yeye akaanzisha wimbo wa mazishi kwa Kihaya, na watu wakaitikia pande zote. Wakanizungusha uwanja mzima. Chini ya kile kitenge nilisikia sauti zikitoka kila upande kwa pamoja, kama nimezikwa kweli na ninapendwa. Bakoba sijawahi kusikia kitu kama kile. Wakanilaza ukumbini juu ya magunia ya maharage, wakatoka. Nje harusi ikaendelea bila mimi, ikapigiwa makofi.

Baadaye mwenyekiti kaja kunishika mkono. "Lile la mazishi mmelipanga vizuri mno. Hasa yule mama."

"Tulifanya mazoezi sana," nikasema. (Mungu anisamehe.)

Tulipofika langoni kwake, mama mkwe akaniita.

"Mama Alinda."

"Abee, Mama."

"Mkicheza tena, mniambie siku. Mtu hawezi kuzikwa na watu wasiojua nyimbo."

Nikaingia ndani haraka nikafua suti.

Sasa hivi ni jioni, nimekaa kibarazani kwake, na majirani wanapita mmoja mmoja kunipa pole. Wa mwisho kaja na mkungu wa ndizi, kautua miguuni pangu, kasema ni rambirambi.

Msicheke, nawaomba. Mkungu nimeupokea. Nife mimi, halafu ndizi niziache?