Ombi la Kumtaka Mudiri wa Nyumba Yetu Ajiuzulu

Ibra, Alkhamisi asubuhi

Kwa Mheshimiwa Babu Thani, Mudiri wa nyumba yetu na ua wake,

Shikamoo Babu. Naandika kwa wino mweusi, nakala mbili, kwa kuwa umetufundisha kwamba yule Mudiri, mkuu wa wilaya uliyemfanyia ukarani kule Pemba mwaka wa hamsini na saba, kabla hujavuka bahari kuja huku, hakusikiliza lalamiko la mdomo. Nakala ya kwanza ni yako wewe unayelalamikiwa. Ya pili ni yako pia, kwa sababu rufaa unasikiliza wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili likizo yangu ya uzazi inakwisha, narudi kazini mapokezi, kule zahanati ya Al Qabil. Hud ana miezi mitatu na bado hajajua kulala bila mimi. Wiam, binti wa mama yangu mdogo, amekubali kumlea kwa sharti moja tu: nyumba iwe kimya. Na nyumba hii haiwezi kuwa kimya, Babu, maana ina serikali.

Sipingi historia. Mudiri wako alileta mageuzi manne, na mie nayajua kwa mpangilio kuliko nambari yangu ya simu. Ila mageuzi ya wilaya ukiyatia katika nyumba ya vyumba vitatu, yanabana. Malalamiko yangu:

1. Ripoti. Mudiri alitaka kila sheha amletee habari za mtaa wake asubuhi na mapema. Vyema. Lakini mie si sheha, mie ni mke wa mjukuu wako Asaad. Kila siku baada ya Alfajiri unaniletea kwa simu, toka chumba chako cha uani, ujumbe wa sauti wa dakika kumi na nne: mageuzi yote manne kwa ukumbusho, kisha maswali. Mtoto kalala saa ngapi, kanyonya mara ngapi, kacheua au hakucheua. Jumatatu nilijibu, "Shwari." Ukanirudishia: "Mwanangu, shwari si ripoti."

2. Baraza. Mudiri aliunda baraza la wananchi, nawe umeunda lako na jirani yetu Mzee Hamed. Linakutana katika chumba changu cha wageni, ati kwa kuwa kiyoyozi chake ndicho kizima. Linafunguliwa baada ya Adhuhuri, saa ileile macho ya Hud yanapoanza kulegea. Hoja ni moja: Mudiri alifanya haraka kuwaachia watu wachague wajumbe wao, au alichelewa? Mzee Hamed anasema haraka, wewe unasema alichelewa, na mnasemezana kama watu walio ng'ambo mbili za bonde. Hoja hiyo inakaribia miaka sabini na haijapita. Kilichopita ni kahawa, na anayeipitisha ni mie.

3. Siku ya wanawake. Mudiri aliwatengea wanawake Jumatano waseme shida zao, na nasikia enzi zile lilikuwa jambo kubwa. Lakini Jumapili iliyopita nilipokuja kusema mpira wa mashine ya kufulia unavuja, uliniambia kwa upole, "Jumatano, mwanangu." Ilipofika Jumatano maji yalikuwa yameshaingia barazani. Mlipandisha kanzu mkaendelea na hoja.

4. Uchaguzi. Tuliufanya Ijumaa baada ya chakula. Mgombea alikuwa mmoja. Msimamizi, Mzee Hamed. Tufool wangu wa miaka sita alimpigia kura paka, mkasema imeharibika. Hud alihesabiwa upande wako kwa kuwa hakupinga. Hakupinga, Babu, kwa sababu hotuba yako ya ushindi ilimkuta amelala.

Nilipomshitakia mkeo, Bibi Fawziya, alicheka mpaka akashika magoti. "Mwache huyo," kasema. "Umudiri wenyewe hakuupata. Kazi yake ilikuwa kugonga muhuri." Siyaandiki haya kukuvunjia heshima. Wewe ndiye uliyesema ushahidi usifichwe.

Kwa hiyo naomba baraza lihamie kwa Mzee Hamed. Ikishindikana, chumba cha wageni kitangazwe nchi huru kuanzia Adhuhuri hadi Alasiri, mpaka wake uwe ukingo wa zulia, na bendera yake nepi iliyoanikwa dirishani. Anayetaka kuingia aombe kibali kwa Hud. Uchaguzi urudiwe na paka asimame rasmi. Kura ya mtoto mchanga ihesabiwe kwa kilio. Muhula wa Mudiri usizidi wiki mbili. Na kwa kuwa wiki mbili zako zimeshapita mara nyingi, naomba ujiuzulu kabla ya Magharibi ya Jumamosi, kwa heshima zote. Muhuri baki nao.

Nisalimie Bibi Fawziya na magoti yake, Mzee Hamed na hoja yake, na maharusi wa huko Sur mlikokwenda leo. Asaad anakusalimu sana. Anasema barua hii hajaisoma na asingependa kuisoma.

Mimi raia wako mtiifu mpaka Jumamosi,
Alyaa, mama yao Tufool na Hud

Nyongeza, baada ya Alasiri: Babu, Wiam alikuja leo kujaribu. Mlikuwa Sur, nyumba kimya, hata paka katoka. Hud kalia tangu Adhuhuri. Wiam kambeba, kamwimbia, kampakata, wapi. Nami nikajaribu kumsomea mageuzi. Akanitazama kama mtu asiye na cheo. Mwisho nikakata tamaa, nikamfungulia ujumbe wako wa leo asubuhi. Hakufika mageuzi ya pili. Mpaka naandika hapa bado amelala, mkono umefumbuka.

Wiam kavaa abaya yake aondoke. "Dada," kasema, "sharti langu limetimia. La huyu bado. Mpeni mudiri wake."

Basi maombi yote nimeyafuta. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlango uko wazi, uje na Mzee Hamed kumlea Hud, mbishane kwa sauti ya kawaida. Kahawa nitaiacha kwenye chupa. Uchaguzi hakuna tena, na muhula hauna mwisho.

Ila kila baada ya saa moja nitataka habari za mtoto, huko huko kazini. Na shwari si ripoti.