Alamisho Zangu na Migomba ya Mama

Jumatatu, 9 Juni
Brauza imeharibika. Kila nikifungua ukurasa inaleta tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Leo mteja mwenye upara amenuna, kadhani nimemkusudia! Lazima niifute niiweke upya.

Shida ni alamisho zangu. Kurasa kumi na mbili ninazozifungua kila siku hapa steshenari: vyeti vya kuzaliwa, leseni, maombi ya vyuo. Bila hizo mimi ni muuza bahasha tu. Na majina yake ya kweli sijayaweka, ng'o. Efraimu mwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara huja kuazima stepla, mkono kwenye stepla, macho kwenye kioo changu. Kwa hiyo nimezipa majina ya ndizi. Mshare ni vyeti vya kuzaliwa. Kisukari ni leseni. Mlali ni fomu ya mteja wangu Violet ya chuo cha uuguzi, tumeijaza nusu, na mwisho wa kuituma ni Ijumaa saa kumi jioni. Kiboriloni nzima hakuna mwenye akili hii.

Jumanne, 10 Juni
Mke wangu Rachel anafundisha kompyuta. Kasema alamisho zinahifadhiwa kwenye faili, faili inawekwa kwenye flashi, dakika mbili kazi imekwisha. Nikamkumbusha kwamba flashi zangu zote zimeshaazimwa na Efraimu. Akauliza kwani flashi inasengenya? Walimu bwana!

Nimetumia njia yangu. Nimepiga picha orodha ilivyo kwenye kioo, nikamtumia mama kule Masama. Nani atamshuku mama? Chini nikaandika: "Shikamoo mama. Hizi ni muhimu sana. Nizitunzie, nitazihitaji Alhamisi asubuhi. Usimwambie mtu."

Akajibu: "Marahaba. Zote kumi na mbili?"

Nikasema zote. Mama ananielewa kuliko mwalimu yeyote.

Jumatano, 11 Juni
Nimefuta brauza. Nimeweka mpya. Nyeupe, safi, haina hata tangazo moja. Nimefuta na picha kwenye simu, ushahidi usibaki. Efraimu kaja kuazima stepla, kauliza mbona kioo kitupu. Nikamwambia wapo watu wanaojipanga. Kacheka. Acheke tu.

Alhamisi, 12 Juni
Saa mbili asubuhi pikapu ya maziwa kutoka Masama imesimama mlangoni. Dereva kashusha mikungu kumi na miwili ya ndizi. Mshare, kisukari, mlali, ndishi, zote kwa mpangilio wa orodha. Mama kapiga simu, anahema. Kimalindi hakuwa nayo, kaomba kwa jirani. Akauliza ni harusi ya nani hata iwe siri.

Nimemwomba anirudishie ile picha. Karudisha. Nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Majina yamo. Anwani hamna hata moja! Mlali. Mlali ipi? Ya wapi?

Violet kaingia kwa kuruka mikungu. Kaniamkia, kauliza fomu imefikia wapi. Nimemwambia mambo yanaiva.

Ijumaa, 13 Juni
Tangu asubuhi natafuta. Chuo nimekiona, lakini fomu iliyoanza kujazwa inafunguka kwa kiungo chake chenyewe, kirefu kama mkanda wa mchungaji. Saa sita nimemweleza Violet ukweli. Kageuka, katoka. Binti kasubiri nafasi hii miaka miwili, na mimi nimempotezea kwa ujanja wangu. Nimeona aibu. Nimekaa nyuma ya mikungu nisionekane.

Saa nane karudi anatabasamu. Fomu imeshatumwa. Wapi? Kwa Efraimu!

"Kaniuliza tu kama chuo kilinitumia ujumbe siku tulipoanza kujaza," kasema. "Kiungo kilikuwa kwenye simu yangu siku zote."

Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Hukuniuliza, baba Jesse."

Rachel kampelekea Efraimu mkungu wa mlali kama shukrani. Kachagua ule mkubwa kuliko yote. Mke wangu mwenyewe!

Jumatatu, 16 Juni
Wiki mpya. Alamisho zote kumi na mbili nimezikusanya upya. Nimetafakari sana na kosa nimeliona: ndizi. Mtu yeyote angechanganyikiwa. Sasa nimezipa majina ya ukoo. Shangazi Veronika ni leseni, baba mdogo Yakobo ni vyeti, bibi Elizabeth ni vyuo. Efraimu atazame mpaka apofuke.

Rachel kaniwekea flashi mpya mezani. Nimeifungia kwenye droo, Efraimu asiione. Orodha nimeipiga picha, nikamtumia mama, na safari hii nimeandika kwa uangalifu: "Mama, hawa ni muhimu sana. Nitawahitaji Jumamosi, wote."

Kajibu sasa hivi: "Nimeshawaambia. Wanakuja na watoto. Magodoro unayo?"