Waraka wa Saa ya Mdomo Wazi

Ilitangazwa rasmi, mbele ya kamera mbili na katoni sita za maji ya chupa, kwamba Kenya imepata maana ya saa. Tangu uhuru wananchi walikuwa wakifanya kazi kwa saa bila kujua saa yenyewe ni kitu gani, na ni neema tu kwamba hakuna aliyeumia. Aliyelikomboa taifa kutoka giza hilo ni Bwana Mutie, Mkurugenzi wa Ufafanuzi wa Saa za Mikataba ya Walimu wa Ng'ambo. Ofisi yake iko ghorofa ya saba katikati ya jiji, katika jengo ambalo lifti hufanya kazi ikijisikia.

Tatizo lilikuwa walimu. Hawa ni vijana wa Kenya waliokwenda Asia kufundisha watoto Kiingereza, na mkataba wao ulikuwa mwepesi: maliza saa elfu mbili, upewe pasipoti yako, urudi kwenu. Lakini walimu wana tamaa. Mwalimu anasimama langoni asubuhi kwenye baridi akipokea watoto, anasahihisha madaftari, anafagia darasa, siku ya wazazi anavishwa manyoya ya sungura na kurukaruka uwanjani, kisha anataka eti yote hayo yaitwe kazi. Shule nazo zilihesabu dakika za kufundisha tu. Malalamiko yakaletwa kwa Mutie, na Mutie, ambaye hajawahi kuona tatizo asiliundie kamati, akaunda kamati.

Kamati ilikwenda Naivasha mara nne kutafakari. Ilirudi imenenepa, na ufafanuzi mkononi: saa ya kazi ni dakika sitini ambazo mdomo wa mwajiriwa uko wazi kumhudumia mtu aliye mbele yake. Kuvuta pumzi hakuhesabiwi. Shule za ng'ambo zilifurahi mno, zikatuma barua za pongezi na kalenda.

Kitu kimoja tu kilimkera Mutie. Waraka uliohusu walimu mia mbili ulionekana mwembamba mno kwa mtu wa hadhi yake. Akachukua kalamu akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: "na watumishi wote wa umma, bila ubaguzi, tangu siku walipoajiriwa." Alipousoma tena kwa sauti, mwili ulimsisimka.

Wiki iyo hiyo alikuja Nasimiyu, fundi cherehani kutoka mtaa wa Satellite, kwa mara ya thelathini na moja. Dada yake, Ivyne, alikuwa akifundisha katika shule moja iitwayo Upinde wa Mvua, na kwa hesabu ya kawaida, ile ya watu wasio na elimu, alikuwa amemaliza saa zake zamani. Kwa hesabu ya mdomo wazi alikuwa na saa mia saba.

"Mkubwa, dadangu hataki makubwa, anataka tu kurudi," Nasimiyu alisema. "Aliacha mtoto wa miezi tisa. Saa hii ako na miaka minne. Juzi ameniita mama. Nikamwambia mimi ni anti, akalia mpaka akalala."

"Mama, serikali inakuhurumia," Mutie alijibu, akiangalia simu yake. "Lakini tukianza kuhesabu huruma, hesabu itaharibika. Amebakisha saa elfu moja na mia tatu. Mwambie avumilie. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zimeoza, mkubwa."

Mutie alisikitika. Alikuwa amempa mwanamke huyu dakika nne nzima, na hii ndiyo shukrani. Akainuka, akalipanga koti lake vizuri kwenye mgongo wa kiti, akashuka kwa ngazi kwenda mtaa wa Mutuini, ambako nyumba zake za kupangisha zilikuwa zikiezekwa siku hiyo.

Asidhani mtu kwamba alitoroka kazi. Koti lilibaki. Kila mfanyakazi wa ofisi anajua kwamba koti likiwa kitini mwenyewe yuko, ametoka kidogo tu. Koti la Mutie lilikuwa na nidhamu ya kupigiwa mfano: lilifika kabla ya kila mtu, kwa kuwa halikuondoka. Mwenyewe alikuwa na makoti mengine ya kuvaa.

Nje ya mlango wake aliketi karani, Kaluki, mwanamke mpole mwenye mwandiko mzuri. Yeye ndiye aliyetunza daftari la wageni: nani amefika, ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, na wengi zaidi, ambao hawakuingia. Mutie mwenyewe aliliamuru daftari hilo tangu mwaka wake wa kwanza kazini, ili wananchi wasichezee muda wake.

Kaluki alimwona Nasimiyu amesimama tu pale mlangoni, leso mdomoni.

"Dada, keti. Hii mkataba ya Ivyne, ulisoma yote?"

"Nilisoma mpaka macho ikauma. Zile herufi ndogo zilinishinda."

"Hata mimi nimezifikia jana. Huyu mzee kila siku ni kunichapisha barua za nyumba zake. Sasa ona hapa, kifungu ya kumi na tisa."

Kifungu kilisema kwamba mwalimu akishindwa kumaliza saa zake, serikali ya kwao inaweza kumpeleka mtumishi wake, ajuaye Kiingereza, azimalizie. Siku atakayofika, mwalimu anaachiliwa.

"Na huyo mtu tutamtoa wapi?" Nasimiyu aliuliza. "Nani ataacha kazi ya serikali aende kufunza kwa baridi?"

Kaluki aliutazama Waraka uliobandikwa ukutani, akalitazama daftari, akavuta kibodi karibu.

Kesho yake Mutie alipitia ofisini kubadilisha viatu vya matope, akakuta barua mezani. Kwa kawaida hutia sahihi bila kusoma, lakini hii ilitaja Waraka wake, hivyo akaisoma mara mbili. Ilipendekeza kwamba saa za Ivyne zimaliziwe na mtumishi mwenye upungufu mkubwa zaidi wa saa katika jengo zima, kwa mujibu wa ufafanuzi mpya.

"Sasa hii ndiyo kazi!" alisema. "Wavivu wamejaa hapa. Huko masijala kuna Njuguna, analala mpaka anakoroma. Huyo aende akafundishe."

"Kwa hivyo niipeleke kwa wakaguzi, mkurugenzi?"

"Iende leo. Na uongeze hapo chini: uamuzi huu hauna rufaa."

Kaluki akaongeza. Mutie akatia sahihi, akaipulizia wino kwa mapenzi.

Mkaguzi aliyekuja kuhesabu alikuwa Bi Kanyiva, mama mfupi asiyekunywa chai ya watu. Alipitia madaftari ya ghorofa zote kwa siku tatu. Njuguna kweli alikuwa akilala, lakini akiamka alikuwa akiongea na watu dirishani. Siku ya nne Kanyiva alipanda hadi ghorofa ya saba na kuisoma ripoti yake akiwa amesimama. Kwa hesabu ya daftari la wageni, katika miaka ishirini na sita ya utumishi, Bwana Mutie alikuwa amefungua mdomo kumhudumia mwananchi kwa saa tisini na mbili.

Mutie alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake.

"Na koti langu? Mmelihesabu?"

"Tumelihesabu," alisema Kanyiva. "Halina mdomo."

"Mama, huo waraka nimeuandika mimi!"

"Ndiyo maana tunauheshimu. Na rufaa umeikataza wewe."

Ivyne alitua Nairobi Jumamosi moja asubuhi. Mtoto alijificha nyuma ya sketi ya Nasimiyu, akakataa kutoka. Ivyne alichuchumaa palepale uwanja wa ndege, watu na mizigo yao wakimzunguka, akasubiri huku machozi yakimtoka, wala hakuna aliyemhesabia. Mwishowe mkono mdogo ukatoka ukamgusa nywele.

Bwana Mutie sasa anafundisha watoto wa miaka mitano. Nyuma ya darasa ameketi bwana mmoja mwenye saa ya kubonyeza, na kila Mutie anapofunga mdomo, bwana huyo anabonyeza. Baada ya miezi mitatu alikuwa na saa sabini. Akaiandikia ofisi ya Nairobi barua ya kurasa nane, akieleza kwa uchungu wa kweli kwamba kusimama ni kazi, kusahihisha ni kazi, na mtu hawezi kuongea bila kuvuta pumzi.

Jibu lilifika haraka, kwa mwandiko mzuri. Ofisi ilisikitika sana. Malalamiko yalikuwa yamepokelewa na kuandikwa daftarini, lakini kwa mujibu wa taratibu anayeweza kuyaamua ni Mkurugenzi peke yake, na Mkurugenzi yuko ng'ambo kikazi. Mlalamishi aliombwa asubiri hadi atakaporudi.