Mama Mkwe Hapigwi Kichwani

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mwalimu amebandika orodha ya jozi za mtihani, na mimi nimepangwa na mama mkwe.

Niandike kwa utaratibu, kama karani wa masjala anavyopaswa. Huu ni mwaka wangu wa pili kujifunza kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, katika ukumbi ulio nyuma ya karakana ya mwalimu wetu. Mwalimu ni seremala. Panga zetu za mbao anazichonga mwenyewe, na kabla ya kuvua viatu tunafagia maranda. Mtihani wa daraja la kwanza nimeufanya mara mbili. Mara mbili nimeanguka. Mara ya kwanza kwa sababu ya mafua, mara ya pili kwa sababu ya watahini. Safari hii nikianguka narudishwa mstari wa nyuma, pamoja na wale walioanza juzi, wanaoshika upanga kama wanataka kudeki. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili!

Mama mkwe, tunayeishi naye, alijiunga miezi minne iliyopita. Daktari alimshauri ayape magoti mazoezi. Si angetembea tu barabarani? Hapana. Mke wangu akamwambia afuatane na mimi, nitamlinda. Sasa anachuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta, na mwalimu anamwita mfano wa kuigwa.

Mtihani ni tarehe kumi na tano. Unafanywa wawili wawili. Mmoja anapiga, mwenzake anapokea, kisha mnabadilishana. Mapigo tisa, kwa mpangilio uleule kila siku. Anayepokea anasogeza ncha ya upanga wake kidogo ili kumfungulia mwenzake nafasi, na anayepiga anausimamisha upanga kabla haujagusa. Jozi ikianguka, inaanguka yote.

Yaani nimwinulie gongo mama aliyenizalia mke! Tena nimkazie macho, maana sheria inasema macho yasibanduke. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kumtazama usoni kuzidi salamu. Kandambili zake nazijua kuliko sura yake.

Hatua niliyochukua: nimeibandua orodha na kuitia mkobani. Uzoefu wa masjala. Jalada likipotea, shauri limesimama.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu ameiandika orodha upya, kwa penseli ya useremala, kwenye mlango wa ukumbi. Mlango hauingii mkobani.

Basi tukafanya zoezi. Hatua tisa kati yetu. Tukainamiana, tukasogea, tukachuchumaa, tukainuka. Hapo sawa. Mama mkwe akasogeza ncha, kichwa kikawa wazi, na juu yake kitambaa cha maua ya manjano. Nikainua upanga. Nikaona siwezi kumpiga mtu mzima bila hata kumwamkia. Nikasema shikamoo mama. Akaitika marahaba. Nikapiga.

Mwalimu akatusimamisha. Akatoa futi mfukoni, akapima kutoka kwenye upanga hadi kwenye kitambaa. Sentimita arobaini na moja! Akasema inatakiwa unene wa ngumi, na kwamba pale nilipoishia nimempiga mtu wa ghorofa ya pili. Nikamkumbusha kuwa jengo halina ghorofa. Akajibu ndiyo maana hakuna aliyeumia. Kinyozi, aliyefaulu mara ya kwanza na hajaacha kutukumbusha, alicheka mpaka akakaa chini.

Mapigo tisa, shikamoo tisa. Ya saba aliiitikia amekunja uso. Njiani alimpigia simu mke wangu, mimi nikiwa pembeni nimembebea upanga, akamwambia kuwa huyu mtu wako ana adabu za kukera. Huyu mtu wako. Ndivyo anavyoniita tangu harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Wazo limenijia nikigonga mihuri asubuhi. Kama siwezi kumpiga, basi anipige yeye. Nikamweleza mwalimu kwa unyenyekevu kwamba mdogo hatangulii mbele ya mkubwa, na kwamba mama apige yeye tu hadi siku ya mtihani, huenda watahini wakasahau kutubadilisha. Mwalimu akanitazama kama ubao wenye ufa. Akasema sawa, leo apige yeye.

Ikumbukwe kwamba anayepiga lazima ataje kwa sauti kuu sehemu anayoipiga. "Men!" ndiyo kichwa. Wengine husema. Mama mkwe alinguruma. Miaka kumi na moja ilishuka juu ya kichwa changu kwa mkupuo mmoja: harusi niliyochelewa, friji niliyomuuzia ikiwa mbovu, lile jina lake nililompa paka. Nikafumba macho, nikasikia sauti yangu ikisema, "Nimekoma, mama!"

Upanga ulisimama. Unene wa ngumi kabisa, tena ngumi ya mtoto. Nywele zilinisimama, zile zilizobaki. Mwalimu akasema pigo ni safi sana, ila anayepokea hatakiwi kutubu.

Nimegundua kupokea ni kugumu kuliko kupiga. Mpango umefutwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimejifunga bendeji kifundo cha mkono wa kulia. Nimeitoa kwenye sanduku la huduma ya kwanza la ofisi, kwa kusaini. Nia: maumivu makali hadi mtihani upite, mwalimu amtafutie mama mtu mwingine, nami niufanye mtihani wakati mwingine na mtu nisiyemheshimu.

Nilisahau jambo dogo. Mama mkwe ni muuguzi mstaafu. Miaka thelathini na nne wodini! Alikuja na beseni la maji ya moto kabla sijamaliza chai. Akanibonyeza mahali patatu, akauliza panapouma. Nikasema kote. Akanibonyeza kiwiko, nikapiga kelele. Akaniambia kiwiko hakimo kwenye bendeji. Kisha akamwambia mke wangu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzua maradhi dawa yake ni kazi. Nikapewa zulia la sebuleni nilifue.

Akakaa kibarazani akinisimamia. Akasema, bila ukali wowote, kwamba alipostaafu walimpa saa ya ukutani, na saa yenyewe haijawahi kutembea. Vyeti vyote alivyosomea vilikuwa vya kazi, ili watoto wale. Hiki ndicho cha kwanza anachokitaka kwa raha yake tu. Akasema hajawahi kuanguka mtihani, na hataanza leo kwa sababu ya mkwe anayeogopa kitambaa.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kushuka mpaka miguuni. Nikafua upande wa kwanza bila kunung'unika, nikaapa moyoni kwamba hatakosa cheti chake kwa sababu yangu. Nilipofika kwenye pindo nilikuwa na mpango mpya.

Jumanne, 11 Machi

Mpango: kuzoea kupiga wakubwa, kidogo kidogo. Saa ya chakula masjala hubaki tupu. Mkuu wa masjala huacha kofia yake kwenye kiango cha makoti, kofia ya kijivu ambayo hata ikiwa peke yake ofisi nzima hunyamaza. Nikachukua rula ya mbao ya mita moja. Nikajaribu. Rula ikaishia hewani, nikaiamkia kofia. Nikavua miwani nisiione vizuri. Ajabu! Rula ikashuka. Nikapiga mara moja, mbili, tano. Nikaenda kunywa maji, nikarudi bila miwani, nikashika umbali, nikaingia kwa sauti kuu.

Kumbe kiango hakikuwa kiango. Mkuu alikuwa amerudi, amevaa kofia yake, ameinama kutafuta jalada kwenye droo ya pili.

Rula ilisimama juu ya kofia kwa unene wa ngumi. Naapa! Pigo bora kuliko yote niliyowahi kupiga, na shahidi pekee alikuwa ndani ya kofia.

Natakiwa kuandika barua ya kujieleza. Barua hiyo nitaipokea mwenyewe, nitaigonga muhuri mwenyewe na kuiweka mwenyewe kwenye jalada langu. Limekuwa nene. Nimefungua juzuu ya pili.

Hata hivyo siri nimeipata: bila miwani siogopi mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho ndiyo kesho. Wiki nzima nimefanya mazoezi nikiwa nimevaa miwani, ili adui asijue silaha yangu. Jana sentimita ishirini na nane, shikamoo nne tu. Mwalimu kasema nina maendeleo, akahema. Akarudia tena wimbo wake kwamba katika zoezi hili hakuna mshindi wala mshindwa, mnajengana. Nikaitikia kwa kichwa. Mtu akishindwa kukupa mbinu hukupa hekima.

Mama mkwe amepiga pasi vazi lake, halafu akapiga na langu. Aliliweka kitandani limekunjwa kama shuka za hospitali, na nimelitazama muda mrefu.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike haraka kabla furaha haijanichanganya.

Watahini watatu kutoka chama kingine, meza yenye kitambaa cheupe, mke wangu mlangoni pamoja na wageni wengine. Tulipoitwa nikavua miwani kwa siri, nikaichomeka mkandani. Dunia ikawa ukungu mzuri. Nikasogea mbele kwa ushujaa, nikainama kwa heshima zote.

Nilikuwa nimeinamia feni.

Kisha doa la manjano likanijia kutoka upande mwingine kabisa. Nikasikia mkono ukichomoa kitu mkandani. Mama mkwe, mbele ya watahini, akaifuta miwani kwa pindo la vazi lake na kunivisha, taratibu, kama anayemvisha mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Akaninong'oneza: "Mwanangu, nitazame. Halafu nipige. Mimi nimekufungulia, wewe unaogopa nini?"

Mwanangu!

Akarudi hatua tisa. Tukainamiana, sasa kweli. Akasogeza ncha. Nikamtazama usoni. Macho yale nayajua. Ni macho ya mke wangu, na usingizi kidogo wa miaka thelathini na nne ya zamu. Hayakuwa na hasira hata chembe. Yalikuwa yanangoja nifanye vizuri.

Nikapiga. Sauti ilitoka sijui wapi. Upanga ukasimama juu ya maua ya manjano kwa unene wa ngumi, na wala sikumwamkia mtu. La pili. La tatu. Mpaka la tisa! Tukabadilishana, akaningurumia, nikamfungulia bila kufumba macho. Mwisho tulichuchumaa pamoja, na goti lililolia lilikuwa langu.

Mtahini mkuu akasema ni mara chache kuona jozi inayoaminiana hivi. Kinyozi hakucheka. Mke wangu alipiga vigelegele hadi mwalimu akamwonyesha kwa ishara kwamba hapa ni mahali pa utulivu, kisha mwalimu mwenyewe akajifutia machozi kwenye aproni yenye vumbi la mbao. Mama mkwe alipokea cheti kwa mikono miwili, akakinusa, akacheka kama msichana. Nilicheka naye. Nimerudi nyumbani miguu mitupu, viatu nimevisahau ukumbini, na sijali.

Jumapili, 16 Machi

Nimekaa kutathmini ushindi wangu kwa utulivu. Sababu ni tatu: bendeji, iliyoupumzisha mkono, kofia ya mkuu, na kuvua miwani, kulikowababaisha watahini. Mama mkwe anasema tulifaulu kwa sababu nilimtazama. Wazee wana imani zao, sikubishana naye.

Cheti chake kimetundikwa sebuleni. Changu kimetundikwa kando yake, juu kidogo kwa sentimita mbili. Nimepima.

Mtihani wa daraja la pili ni Septemba, na safari hii siachii mambo mikononi mwa seremala. Mwenzangu nitamchagua mwenyewe, mtu mpole, mtu ninayeweza kumshinda mchana kweupe. Nimempata. Mke wangu! Miaka kumi na moja hajawahi kuniinulia hata sauti. Leo akiwa anapiga pasi nimemweleza habari zote. Akauliza kama anayepiga anaruhusiwa kupaza sauti anavyotaka. Nikamwambia ni lazima. Akauliza kama mume anaruhusiwa kujibu. Nikamwambia hapana, anayepokea anafungua kichwa na kusubiri. Akauliza ni mara ngapi kwa wiki. Tatu. Akazima pasi, akakaa, akaniomba nirudie pale kwenye kufungua kichwa.

Masikini ya Mungu, hajui anachojiingizia. Fomu nimemjazia mwenyewe, kwa kalamu nzuri ya ofisi, na kesho asubuhi ataanza.